Nairobi hadi New York: hesabu ya saa inayowachanganya wengi

"Ni kilomita 11,830, ndege inakwenda 900 kwa saa, basi ni saa 13," husema wengi. Kugawanya kumefanywa sawa, ila jibu si lile la kwenye tiketi. Safari ya moja kwa moja kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hadi JFK, uwanja wa New York, hupangiwa saa 15 hivi, na kurudi 14. Saa za tiketi huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho, hata kama itasubiri foleni ya kuruka, na huisha inapoegeshwa tena. Hizo kilomita nazo ni za njia fupi kuliko zote, inayokatiza Sudan Kusini, Darfur iliyoko Sudan, Chad, Algeria na kupita karibu na Marrakech. Tangu vita vya Sudan vianze Aprili 2023, ndege nyingi za abiria huizunguka nchi hiyo.

Marrakech? Ndiyo. Rula kwenye ramani ya ukutani itakutoa Afrika kupitia pwani ya Mauritania, lakini ramani imeubana mviringo wa dunia. Vuta uzi juu ya tufe uone unakopita.

"Dunia inazunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo ukienda magharibi uwanja unaoendea unakujia." Hii ndiyo dhana sugu kuliko zote, na kama ingekuwa kweli, kwenda kungekuwa kufupi kuliko kurudi. Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege ilikuwa ikizunguka nayo tangu ilipoegeshwa Embakasi, uliko uwanja wa JKIA. Kinacholeta tofauti ni upepo: mbali kaskazini mwa ikweta, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, huvuma mikondo ya kutoka magharibi ambayo majira ya baridi huweza kupita kilomita 200 kwa saa. Kwenda unaupinga, kurudi unakusukuma.

"Ili ndege ifike mbali hivyo, kujaza mafuta tu kunatosha." Uwanja wa JKIA uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi hupunguza nguvu za injini na za mabawa, na joto la mchana huzidisha shida. Ndege iliyosheheni mafuta ya saa 15 hupata nafuu ikiruka usiku.

"Toa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika." Saa zote mbili ni za mahali ilipo ndege. Tuseme ni Januari: unaondoka 23:30, unafika 06:30. Zinaonekana saa 7. Ongeza 8 za tofauti, upate 15. Julai tofauti ni 7, kwa kuwa Wamarekani husogeza saa zao mbele na sisi hatusogezi.

Jambo jingine linalofanya watu waachwe na ndege ni tarehe. Tiketi ikisema Jumamosi 00:25, hiyo ni saa sita na dakika 25, usiku wa kuamkia Jumamosi. Ijumaa saa tatu usiku uwe umeshafika JKIA na mizigo yako.