Mkono usisukume: kunyoa ndevu kwa kishikio cha wembe

Hakuna nyumba ya Mwanza isiyoujua wembe wa makali pande mbili. Fundi cherehani hufumulia mshono, mwanafunzi huchongea penseli, na wengine hukatia kucha. Ajabu ni kwamba kazi iliyofanya wembe huo utengenezwe, yaani kunyoa ndevu, ndiyo ambayo vijana wengi wanaokaa kwenye kiti changu cha kinyozi hapa Kirumba hawajawahi kuifanya wembe ukiwa ndani ya kishikio chake. Kifaa chenyewe si kigeni duniani: King Camp Gillette alianza kukiuza Marekani mwaka 1903, na mwaka huo aliuza vishikio 51 na nyembe 168 tu. Umbo lake halijabadilika sana. Wembe hulala kati ya kofia na bamba la chini, na mpini ukikazwa, kofia huupinda wembe kidogo ili makali yatokeze kwa kiasi kidogo sana.

Wanaoniuliza habari za kishikio hiki mara nyingi huja na shingo iliyojaa vipele. Ndevu zetu nyingi hujikunja, na nyembe za plastiki zenye makali matatu au manne haziziwezi vizuri: kali la kwanza huuvuta unywele, linalofuata huukata, kisha kisiki chake hurudi chini ya ngozi. Kinapoanza kuota tena, badala ya kutoka nje, hujipinda na kuichoma nyama pembeni, na hapo ndipo kipele huanza. Wembe mmoja hukata karibu na usawa wa ngozi, kwa hiyo hupunguza tatizo hilo, ila kwa sharti moja ambalo ndilo gumu kulifundisha: usiubonyeze. Anayebonyeza, ngozi humwinukia kati ya makali na bamba, naye hurudi kwenye vipele vile vile.

Kabla ya wembe kuna maji. Ndevu kavu ni ngumu, lakini zikikaa na maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili au tatu hulainika na kukatika bila kuvutwa. Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tuna bahati, kwa kuwa maji ya ziwa hayana madini mengi na sabuni hutoa povu upesi, tofauti na maji ya kisima chenye chumvi ambayo humfanya mtu azungushe brashi hadi mkono umchoke. Hata hivyo, usifanye kama wale ninaowaona mwaloni, samaki wanakoshushwa, wakinyoa juu ya mawe kwa maji waliyoyachota hapo hapo miguuni. Vimelea vya kichocho hupenya hata ngozi isiyo na jeraha, kwa hiyo maji hayo yachemshwe kwanza, kisha yaachwe yapoe. Povu nalo liwe zito kama mtindi, kwa sababu povu lenye mapovu makubwa hukauka usoni kabla hujamaliza shavu la kwanza.

Kuna kijana mmoja, mvuvi wa dagaa, ambaye nilimpa kishikio kisicho na wembe ili nione mkono wake. Alikikamata kwa ngumi, akakipandisha kutoka kidevuni hadi sikioni kwa nguvu.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "hapo unapara sato."

Alicheka, lakini alielewa, maana anayepara samaki huanzia mkiani akielekea kichwani ili ayakabili magamba, ilhali mwenye ndevu za kujikunja anatakiwa afuate zilivyolala. Nikamwonyesha kushika ncha ya mpini kwa vidole vitatu, uzito wa chuma ufanye kazi wenyewe. Kofia iguse shavu kwanza, mpini ukiwa umenyooka kutoka usoni, kisha ushushwe polepole mpaka makali yaanze kugusa unywele. Hapo utasikia sauti ndogo kavu, kama mchele unaopetwa kwenye ungo. Sauti ikipotea, pembe imeharibika.

Ili kujua ndevu zimelalia wapi, zikae siku mbili bila kunyolewa, kisha zipapase kwa vidole: upande unaoteleza ndio wa kufuata, na unaokwaruza ndio wa kuepuka. Shingoni usidhani. Kwa watu wengi ndevu za pale huota zikielekea juu au pembeni, na mkono unaoshuka moja kwa moja huwa unakwenda kinyume bila mwenyewe kujua. Kwa anayeanza, ningeshauri wiki mbili za mashavu peke yake, shingo ikiachiwa mashine ya umeme. Pita mara moja tu. Ukitaka zaidi, paka povu upya upite kwa upande, na ukubali kwamba vidole vitaendelea kuhisi ukwaruzo kidogo.

Mimi mwenyewe nilijikata chini ya kidevu asubuhi ya sherehe ya binamu yangu, nikaenda na doa la damu kwenye kola ya shati jeupe. Sikuwa nimebonyeza, bali nilikiacha kishikio kiteleze kwa upande, na makali yakienda kwa upande huwa hayanyoi, huchana.

Ukimaliza, osha uso kwa maji baridi, kisha pitisha kipande cha shabu kilicholowa. Shabu husimamisha damu ya mikwaruzo midogo, tena hukusahihisha, kwani panapowasha sana ndipo ulipobonyeza. Spiriti siipendi, kwani hukausha ngozi.

Wembe usuuze na uukung'ute, usiufute kwa kitambaa, na ukianza kuvuta ndevu baada ya kunyolea mara chache, uutoe. Usimwazime mtu, hata ndugu, kwa sababu damu isiyoonekana hubeba virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI. Usiutupe kwenye taka pia, kwani kuna watu wanaochambua taka hizo kwa mikono mitupu. Chukua kopo la maziwa ya unga, toboa mfuniko upenyo mwembamba, uwe unazitumbukiza humo. La kwangu nililitoboa mwaka juzi, na bado halijafika nusu.