Maana ya kupiga tupa meno ya farasi

Mswahili akisikia kwamba meno yamepigwa tupa, huenda akili yake ikaenda kwanza kwenye desturi ya kuchonga meno ya mbele iliyokuwapo kwa baadhi ya makabila ya Afrika Mashariki na Kongo, ambamo jino lilipunguzwa ubavuni hadi likabaki na ncha. Kwa farasi jambo ni kinyume chake. Tupa huingizwa kinywani mwake ili iondoe ncha, na wala haiguswi kwenye meno ya mbele ila kwa nadra. Kazi yake iko nyuma, kwenye magego, mahali ambapo mwenye farasi hawezi kuona hata akimfunua midomo. Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba kupiga tupa meno ya farasi ni kukwangua kingo kali zilizojitokeza pembezoni mwa magego, kwa kiasi kile tu kinachowezesha ulimi, mashavu na taya kufanya kazi bila maumivu. Maneno "kwa kiasi kile tu" ndiyo yenye uzito katika maelezo hayo, na watu wengi wanaomiliki farasi huyaruka.

Ili kuelewa kwa nini kazi hii inahitajika, ni lazima kwanza tuondoe fikra ya jino la binadamu. Jino letu likishaota, limeota. Sehemu ya juu tuliyopewa ndiyo tutakayokaa nayo. Gego la farasi kijana, kinyume chake, huweza kufikia urefu wa sentimita 10, na sehemu kubwa ya urefu huo imefichwa ndani ya mfupa wa taya kama akiba. Kila mwaka jino husukumwa nje kwa milimita 2 hadi 3, na katika kinywa chenye afya kiasi hichohicho husagika kwa kutafuna, hivyo kwa macho jino huonekana halibadiliki. Ushahidi wa mwendo huo unaweza kuonekana bila kifaa chochote: kwenye jino la pembeni la juu, miongoni mwa meno ya mbele, kuna mfereji mwembamba wa rangi ya kahawia ambao hujitokeza chini ya ufizi farasi akiwa na miaka 10 hivi, hufika nusu ya jino akiwa na miaka 15, na hulipitia jino lote akiwa na miaka 20. Wachuuzi wa farasi wameutumia mfereji huo kukadiria umri tangu karne ya 19, ingawa leo madaktari huuchukua kama dokezo tu, kwa kuwa farasi wawili wa umri mmoja huweza kutofautiana kwa miaka kadhaa. Jambo la kukumbuka ni kwamba akiba hiyo haiongezwi. Jino halitengenezwi upya. Linasogea tu, na siku moja litakwisha.

Farasi pia hana nafasi ya pili ya kutafuna. Ng'ombe, mbuzi na ngamia humeza majani haraka, kisha wakatulia kivulini wakacheua, na hivyo uzembe wa kutafuna mara ya kwanza husahihishwa baadaye. Farasi hacheui. Kilichopita kooni bila kusagwa ndicho kitakachoingia tumboni, na nyuzi ndefu zisizosagika huweza kukwama katika utumbo wake mrefu na kumletea msokoto wa tumbo, ambao ni miongoni mwa mambo yanayoua farasi wengi duniani. Ndiyo maana magego yake 24 yamejengwa kama mawe ya kusagia: enameli, yaani sehemu ngumu kuliko zote za jino, imekunjwakunjwa kati ya tabaka laini zaidi, na kwa kuwa tabaka laini huisha upesi, uso wa jino hubaki na matuta yanayosaga. Mtu anayetaka kuufanya uso huo uwe laini kama kioo hajaelewa kazi ya jiwe la kusagia.

Kasoro inayoleta ncha imo ndani ya umbile lenyewe. Taya la chini la farasi ni jembamba kuliko la juu kwa karibu robo, kwa hiyo magego ya juu na ya chini hayakutani sawasawa kama yetu. Farasi anapotafuna, taya la chini huzunguka kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mzunguko ukiwa mpana karibu uso wote wa jino husagika. Lakini ukingo wa nje wa magego ya juu, unaoelekea shavuni, na ukingo wa ndani wa magego ya chini, unaoelekea ulimini, huguswa kwa uchache kuliko sehemu nyingine. Huko ndiko enameli husalia na kusimama kama meno ya msumeno. Vilevile, gego la kwanza la juu likiwa limetangulia mbele kidogo ya mwenzake wa chini, kipande kisichoguswa hurefuka kikawa ndoana, na jambo kama hilo hutokea kwenye gego la mwisho la chini, ndani kabisa, ambako ndoana huchoma ufizi wa juu kila mdomo unapofungwa.

Lishe huongeza au hupunguza tatizo. Farasi aliyeachiwa malisho hula kwa zaidi ya nusu ya siku, kichwa kikiwa chini, akikata nyasi zenye chembechembe za silika ambazo ni kama msasa. Farasi wa bandani hupewa shayiri na pumba mara mbili au tatu kwa siku. Nafaka hutafunwa kwa kupanda na kushuka kwa taya zaidi kuliko kwa kuzunguka, tena kwa dakika chache, na saa zinazobaki meno hayana kazi ilhali yanaendelea kusukumwa nje. Kwa maoni yangu, mwenye farasi anayelipia tupa kila mwaka huku akimnyima mnyama majani ya kutosha anafanya kazi ya kuchota maji kwa pakacha.

Dalili zipo, lakini huchelewa. Iliyo wazi kuliko zote hupatikana sakafuni, mbele ya hori: vidonge vya majani makavu vilivyoviringwa, virefu kama kidole gumba, vyenye mate, vilivyotafunwa nusu kisha vikadondoshwa. Ukikifungua kimoja kwa vidole utaona nyuzi zikiwa nzima, zimesukwa tu kama ukindu. Farasi amejaribu kutafuna, ameumia, ameviringisha majani kati ya ulimi na shavu ili kujikinga, na mwishoni ameyatema. Dalili nyingine ni kinyesi chenye nyuzi ndefu au punje nzima za nafaka, kukonda kusikoelezeka, kuinamisha kichwa upande mmoja wakati wa kula, na harufu mbaya ya kinywa. Uchafu unaonuka ukitoka katika tundu moja tu la pua, mara nyingi asili yake ni mzizi wa gego la juu uliooza, kwa kuwa mizizi ya magego ya nyuma imo ndani ya uwazi wa mifupa ya uso. Na farasi anayerusha kichwa au kukataa kugeuka upande mmoja huenda si mkaidi hata kidogo. Lijamu, yaani chuma cha kinywani cha kumwongozea, huvuta mashavu juu ya ncha zilezile, na fimbo haiwezi kutibu kidonda kilicho shavuni.

Farasi wengi, hata hivyo, hawaonyeshi lolote hadi hali iwe mbaya, na hiyo ndiyo sababu ukaguzi hufanywa kwa ratiba bila kungoja dalili. Mnyama mzima hukaguliwa mara moja kwa mwaka. Kijana wa kati ya miaka 2 na nusu na 5 hukaguliwa kila baada ya miezi 6, kwa sababu katika kipindi hicho kifupi huangusha meno yote 24 ya utotoni, na mabaki ya magego hayo huweza kung'ang'ania juu ya meno mapya kama kofia iliyokwama. Wakati huo pia hutazamwa kijino kidogo kinachoota mbele ya gego la kwanza, ambacho Waingereza hukiita jino la mbwa mwitu. Hakina kazi yoyote ya kutafuna, na mara nyingi hung'olewa kabla farasi hajazoeshwa lijamu. Kisichanganywe na chonge, ambazo madume huota wakiwa na miaka 4 hadi 5 na ambazo huachwa mahali pake.

Siku ya kazi yenyewe, daktari wa mifugo huanza kwa kumsikiliza moyo mnyama, kisha humdunga dawa ya kutuliza, mathalani detomidini, katika mshipa wa shingo. Baada ya dakika chache masikio hulegea, mdomo wa chini huning'inia, na kichwa hushuka taratibu hadi kikaegemezwa juu ya kiegemeo. Chombo cha chuma cha kutanulia taya hufungwa kichwani kama hatamu, meno ya mbele yakikaa juu ya vibao viwili, na mdomo hufunguliwa hatua kwa hatua. Kinywa huoshwa kwa maji ili mabaki ya chakula yatoke. Hapo taa huwashwa, kioo chenye mpini mrefu huingizwa, na kila jino hutazamwa na kupapaswa kabla tupa haijaguswa. Hatua hii ndiyo inayotofautisha matibabu na ukwanguaji wa mazoea, maana jino lililopasuka, pengo lililojaa majani yaliyooza au kidonda cha ulimi haviponi kwa tupa.

Tupa ya mkono ina mpini mrefu na kichwa kifupi chenye makali, na husukumwa na kuvutwa sambamba na safu ya magego. Sauti yake hufanana na ya kifuu cha nazi kinapofika mwisho juu ya mbuzi: mwanzoni ni kali na ya kukwaruza, kisha hushuka kadiri ncha zinavyoondoka, na fundi mzoefu hujua kwa sikio kwamba ukingo umekwisha lainika. Siku hizi wengi hutumia tupa ya umeme, ambayo humaliza kwa dakika chache kazi iliyokuwa ikichosha mabega.

Wepesi huo una gharama yake. Ndani ya gego mna uhai, yaani mishipa ya damu na neva, na mahali pengine uhai huo hauko mbali na uso wa kusagia. Mashine ikishikiliwa mahali pamoja bila maji ya kupoza, joto huweza kuua sehemu ya ndani ya jino, na jino huoza miezi kadhaa baadaye wakati hakuna anayekumbuka chanzo. Ikikwangua mno, hufungua njia ya vijidudu moja kwa moja. Hata pasipo madhara hayo, milimita 4 zilizoondolewa bila sababu ni zaidi ya mwaka mmoja wa akiba ya mnyama. Jino lililorefuka kupita kiasi kwa sababu mwenzake wa upande wa pili amepotea hupunguzwa kwa awamu, kwa miezi kadhaa, si kwa siku moja. Ndiyo maana ninawatilia shaka wanaojisifu kwamba kinywa cha farasi wao kimesawazishwa kama meza. Nchini Uingereza wapo mafundi wa meno ya farasi wasio madaktari ambao hufanya mtihani maalumu na kuruhusiwa kupiga tupa, lakini dawa ya kutuliza hubaki mikononi mwa daktari wa mifugo.

Kwa kuwa daktari yupo, ziara hiyohiyo hutumika kwa mengine. Chanjo ya pepopunda hutangulia, na jina lenyewe la Kiswahili linamtaja mnyama wa ukoo huu, ambao ni miongoni mwa wanaodhurika kwa urahisi zaidi na sumu ya vijidudu vinavyoishi katika udongo na samadi. Katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara huongezwa chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi na unaoweza kuua zaidi ya tisa katika kila farasi kumi wasio na kinga. Kinyesi hupimwa mayai ya minyoo kabla ya kuamua kama dawa inahitajika. Kwato zina fundi wake na ratiba yake ya kila wiki 6 hadi 8.

Yote yaliyosemwa juu ya magego yanamhusu punda pia, na kwa wasomaji wengi wa pwani punda ndiye aliye karibu. Lamu, ambako mizigo hupita vichochoroni migongoni mwa punda, kliniki ya punda ilifunguliwa mwaka 1987 na shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary. Punda huishi miaka mingi kuliko farasi, kwa hiyo magonjwa ya meno ya uzeeni humpata zaidi, naye huficha maumivu kwa namna inayowadanganya hata wanaomlisha kila siku. Kwake kuacha kula si jambo la kungoja kesho: punda asiyekula huyeyusha mafuta ya mwili wake yakajaa katika damu, na hali hiyo huweza kumuua kwa siku chache.

Mnyama akivuka miaka 20 ukaguzi hurudi kuwa wa kila miezi 6, na kazi ya tupa huzidi kupungua. Akiba ikiisha, matuta ya enameli hutoweka, gego hubaki bapa na kulegea, na mengine hung'olewa kwa vidole tu. Mnyama wa namna hiyo hawezi tena kusaga majani makavu, ila anaweza kuendelea kuishi vizuri kwa chakula kilicholowekwa katika ndoo ya maji hadi kikawa uji mzito, akipewa kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku.