Kiputo cha kijani hakina kosa

"Mbona umegeuka kijani, umebadilisha simu?" Swali hili huulizwa kwa mzaha, lakini limebeba dhana iliyozaa nyingine nyingi: kwamba rangi ya kiputo cha meseji kwenye iPhone inapima simu ya mwenzako. Haipimi. Rangi inataja njia tu. Buluu ni iMessage, huduma ya Apple iliyoanza mwaka 2011, inayopita kwenye intaneti na kufika kwenye vifaa vya Apple peke yake. Kijani ni njia nyingine yoyote. iPhone ya kwanza, ile ya 2007, haikuwa na buluu hata kidogo, kwa sababu wakati huo ilikuwa SMS basi. Hadi leo, mwenye iPhone aliyezima iMessage au aliyeishiwa bando anaweza kuandikiwa kwa kijani na mwenye iPhone mwenzake. Tena rangi hizo ni za meseji unazotuma wewe. Unazopokea zote ni za kijivu. Anayecheka kijani anacheka kiputo chake mwenyewe.

Njia zenyewe ni tatu: SMS pamoja na ndugu yake MMS anayebeba picha na video, kisha iMessage, kisha RCS, mfumo mpya zaidi nitakaoueleza hapa chini. Karibu kila lawama inayotupiwa simu ya upande wa pili ni lawama ya njia.

"Kamera za Android hutoa picha za ukungu."
Mwenye Android naye husema hivyohivyo kuhusu picha zinazotoka kwenye iPhone, na hapo ndipo ushahidi unapojitokeza. Picha ya simu ya sasa ina uzito wa megabaiti kadhaa. MMS ilibuniwa zama za skrini ndogo, na kampuni za simu huiwekea kikomo cha chini sana, mara nyingine kilobaiti mia chache. Ili picha ipite, simu huibana mpaka sura ya mtu igeuke doa. Video huumia zaidi. Ukitaka ifike nzima, itume kwa RCS, au kwa kiungo cha hifadhi ya mtandaoni, au kama faili kupitia programu kama WhatsApp. Nasema kama faili kwa sababu WhatsApp nayo hubana picha zinazotumwa kwa njia ya kawaida, ingawa si kwa ukatili wa MMS.

"Apple na Google hawapatani, hakuna kitakachobadilika."
Kimebadilika tayari, ila wengi hawakuona. RCS ni mfumo wa meseji uliokusudiwa kurithi SMS. Ulianza kupikwa mwaka 2007, ukasuasua kwa sababu kila kampuni ya simu iliupika kwa namna yake, hadi GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, ulipotoa toleo la pamoja mwaka 2016. Google iliubeba mfumo huo. Apple iliukataa kwa miaka, ikatangaza Novemba 2023 kwamba itaukubali, na ukaingia kwenye iPhone kupitia iOS 18, toleo la mfumo wa simu hizo lililotoka Septemba 2024. Ukiwashwa pande zote mbili, picha hufika safi, unaona mwenzako anapoandika, na unajua ujumbe umesomwa.

Kwa nini basi watu hawakuona? Kwa sababu kiputo cha RCS kwenye iPhone bado ni cha kijani! Tazama kisanduku cha kuandikia kabla hujaanza: kama njia ni RCS, herufi hizo tatu huonekana humo kwa wino hafifu. Zisipoonekana, ingia kwenye mipangilio ya Messages uone kama RCS imewashwa. Kwenye Android, chaguo hilo limo ndani ya mipangilio ya Google Messages. Kama iPhone haina chaguo hilo kabisa ilhali ina iOS 18 au toleo jipya zaidi, sababu ya kawaida ni kwamba kampuni yako ya simu haijaiunga mkono RCS, na hapo hata ununue iPhone mpya hutapata nafuu.

"RCS ikishawaka, hakuna anayeweza kusoma."
Hapa nashauri tahadhari. Mazungumzo kati ya Google Messages na Google Messages hufungwa kwa usimbaji wa mwisho hadi mwisho, yaani kufuli ambalo mtumaji na mpokeaji peke yao wana ufunguo wake, na ya iMessage pia. Lakini RCS iliyoingia na iOS 18 haikuwa na kufuli hilo kati ya iPhone na Android. GSMA ilichapisha kanuni za kulifunga pengo hilo Machi 2025, ila kanuni kwenye karatasi hazifungi kitu mpaka programu zote mbili zizitekeleze. SMS ndiyo haina kufuli kabisa. Namba ya siri au picha ya kitambulisho itume kwa Signal au WhatsApp, ambazo hazijali aina ya simu.

"SMS moja ni herufi 160."
Ni kweli mpaka utie emoji. SMS moja hubeba baiti 140. Herufi za kawaida hubanwa biti 7 kila moja, ndiyo maana zinaenea 160. Ikiingia emoji moja tu, meseji nzima huandikwa upya kwa biti 16 kwa kila herufi, na nafasi hushuka hadi 70. Kwa hiyo maneno ya herufi 100 yakimaliziwa na kicheko kimoja huwa SMS mbili, na kama unakatwa kwa kila SMS, utakatwa mbili. Kiswahili kina mtego wake hapa: ritifaa ya ng'. Iliyonyooka imo kwenye orodha ya herufi za SMS. Iliyopinda, ambayo baadhi ya kibodi huiweka zenyewe kwa urembo, haimo. Ziko simu zinazoibadili kimyakimya kabla ya kutuma, na ziko zisizojisumbua. Ng'ombe mmoja anaweza kukupunguzia nafasi kwa zaidi ya nusu.

"Nikihamisha laini, meseji zitanifuata."
Za SMS, ndiyo. Za iMessage huenda zikabaki njiani: namba yako bado imeandikishwa kwa Apple, iPhone za marafiki zinaendelea kukutumia kwa buluu, na wewe mwenye Android mpya unaonekana umenuna. Zima iMessage kabla hujatoa laini kwenye iPhone. Kama simu hiyo umeshaiuza, Apple ina ukurasa wa kufuta namba, uliofunguliwa mwaka 2014. Unaingiza namba, unaletewa tarakimu za kuthibitisha kwa SMS, basi.

"Emoji ni ileile kila mahali."
Unicode, shirika linaloratibu herufi na emoji za vifaa vyote, hutoa jina na namba ya emoji. Kuchora ni kazi ya kila kampuni. Mwaka 2016 Apple iligeuza bastola kuwa bunduki ya maji, huku kampuni nyingi zikiendelea kuchora bastola halisi hadi 2018. Katika miaka hiyo miwili, aliyetuma mzaha wa kurushiana maji kutoka iPhone aliweza kusomeka kama anayetishia kuua. Ukiona kisanduku kitupu badala ya emoji, toleo la mfumo wa simu yako ni la zamani kuliko emoji hiyo. Ulisasishe, au muulize tu mwenzako alituma nini.