Eneokazi si kibodi

Juzi nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa mtu ninayemheshimu: "Kishikwambi changu sasa ni deskitopu kabisa, nimekinunulia kibodi." Nilinyamaza, maana alikuwa na furaha nacho. Lakini si mara ya kwanza wala ya pili, na ule ubishi wa kama vishikwambi vya kugusa bado vinahitaji eneokazi hukwama papo hapo kila siku, kwa sababu kila anayebisha ana deskitopu yake kichwani.

Maana ni fupi. Eneokazi, ndilo hilo deskitopu la skrini, ni namna ya kupanga skrini kama uso wa meza: faili na makabrasha yamelala juu yake kwa sura ya ikoni, kazi zinafunguka katika madirisha yanayoweza kulaliana, na kishale cha kipanya ndicho kinachoshika kila kitu. Basi.

Kinachotutia matatani ni neno. Waingereza walichukua desktop, jina la sehemu ya juu ya meza ya kuandikia, wakalibebesha mizigo mitatu: mashine inayokaa mezani, uso wa skrini, na mtindo mzima wa kufanya kazi. Sisi tulipata bahati. Mashine tukaiita kompyuta ya mezani, uso wa skrini tukauita eneokazi. Vitu viwili, majina mawili. Kisha tukaitupa bahati hiyo, tukarudi kusema deskitopu kwa vyote.

Nakiri eneokazi nalo lina kasoro: meza imepotea njiani. Eneo la kazi laweza kuwa popote, hata shamba. Ningeulizwa mimi ningechagua dawati, neno ambalo tayari limezoea kuhama. Limetoka Kiarabu, ambako dawat ni kidau cha wino. Kwetu likawa kisanduku cha vifaa vya kuandikia, halafu meza yenyewe. Neno lililotoka kwenye wino likafika kwenye meza lisingeshindwa kupiga hatua moja zaidi hadi kwenye skrini. Lakini waliotafsiri programu walikwisha kuamua, eneokazi limeshika, na mimi sifufui vita vilivyokwisha.

Ninachosisitiza ni kwamba ile meza haikuwa pambo. Katika maabara ya Xerox PARC, huko California, miaka ya 1970, mtaalamu wa kompyuta Alan Kay na wenzake walikuwa na skrini ndogo ya kompyuta ya Alto, iliyoanza kufanya kazi mwaka 1973, na karatasi nyingi kuliko nafasi. Dawa ilikuwa kuacha madirisha yalaliane, kama karatasi kwenye meza ya mtu mwenye shughuli nyingi. Mwaka 1981 Xerox ikauza mashine ya Star, yenye ikoni za nyaraka, makabrasha, na hata vikapu vya barua zinazoingia na zinazotoka. Katika Star hukufungua programu, ulifungua waraka. Lisa ya Apple ikafuata mwaka 1983, Macintosh mwaka 1984, na Windows 95 ikaueneza mtindo huo kila mahali.

Sasa itazame skrini ya kwanza ya kishikwambi. Nayo ina ikoni zilizopangwa juu ya picha nzuri, ndiyo maana watu huiita eneokazi bila kuuma ulimi. Ikoni ile ni mlango tu. Ukiigusa unaingia ndani ya programu, na kazi yako imefungiwa humo. Ikoni ya eneokazi yaweza kuwa kazi yenyewe. Kwenye Windows, uso ule ni kabrasha halisi ndani ya diski, na barua unayoiona pale iko pale kweli. Ifute ukidhani ni njia ya mkato tu, utajua tofauti. iPad ilipotoka mwaka 2010 Apple iliiondoa meza makusudi, mtumiaji asisumbuke na mahali faili zinapokaa. Programu ya Files ilikuja mwaka 2017. Miaka saba watu wamejitumia nyaraka zao wenyewe kwa barua pepe ili zitoke programu moja ziingie nyingine. Nilikuwa mmoja wao.

Kwa hiyo, linahitajika au halihitajiki? Fungua jedwali la hesabu kwenye kishikwambi, ujaribu kupanua safuwima ya kwanza kwa kushika ule mstari mwembamba kati ya A na B. Kidole kinaufunika mstari wenyewe. Unachagua safuwima nzima bila kutaka, unarudi nyuma, unajaribu tena, unaishia kuandika B mahali pa A. Ncha ya kishale ni pikseli moja, yaani nukta moja ya skrini, wakati Apple inashauri kitu cha kuguswa kiwe na angalau pointi 44 (kipimo chake cha skrini) kila upande, na Android inashauri 48 za kipimo chake. Tena kishale huelea: kikifika kwenye mstari kinabadilika umbo, kinakuambia hapa ndipo, kabla hujabonyeza. Kidole hakielei. Kikifika, kimeshagusa. Ukilichukua eneokazi lililotengenezwa kwa ncha ya pikseli moja ukalibandika kwenye kioo cha kidole, umepata mateso tu.

Microsoft walijaribu njia ya kinyume. Windows 8, mwaka 2012, ilileta skrini ya vigae vikubwa na kuondoa kitufe cha Start. Watu wenye kipanya na kibodi wakapotea katika mashine zao wenyewe. Kitufe kilirudi mwaka 2013, menyu yake ikarudi na Windows 10 mwaka 2015. Kichekesho kilikuwa Surface RT, kishikwambi cha mwaka huohuo wa 2012: kilikuwa na eneokazi, ila huruhusiwi kusakinisha programu zako za eneokazi. Lilibakizwa hasa kwa ajili ya Office, programu za Microsoft za kuandikia na majedwali, kama meza iliyoachwa chumbani kwa sababu mtu mmoja hajamaliza kuandika.

Apple nao wamekuwa wakiirudisha meza mguu mmoja mmoja. Kugawa skrini mara mbili mwaka 2015, kishale mwaka 2020, madirisha ya kulaliana mwaka 2022, na mwaka 2025 madirisha unayoyakuza utakavyo, pamoja na ukanda wa menyu juu. Kile kishale cha 2020 ndicho ninachokipenda: ni kiduara chenye upana kama wa ncha ya kidole, na kikikaribia kitufe kinajiumba kwa sura ya kitufe. Hapo mtu alifikiri kabla ya kunakili.

Kwa anayesoma, anayetazama au anayechora, eneokazi ni kizuizi, na sioni aibu yoyote kusema kishikwambi chake hakilihitaji. Lakini anayehamisha tarakimu kutoka kwenye barua kwenda kwenye jedwali, huku akitaka kuviona vyote viwili na kujua kila kimoja kimelala wapi, anahitaji mahali ambapo vitu vya programu tofauti vinakaa pamoja machoni pake. Kibodi haileti mahali hapo. Kishikwambi chenye kibodi na programu moja iliyojaza kioo kizima ni kishikwambi chenye kibodi, na kisicho na kibodi kabisa chaweza kuwa na eneokazi, japo utakishika kwa shida.

Nikionana tena na yule bwana sitambishia. Nitamuuliza tu: ile barua uliyoimaliza jana iko wapi? Akianza kwa kunitajia jina la programu, nitamwambia taratibu kwamba kibodi ni nzuri, ila eneokazi bado hana.