Kulaza kranki: kazi kubwa iko kabla ya kukaza bolti

Minada ya korosho ikikaribia kuanza, gereji za Mtwara mjini hujaa injini zilizofumuliwa. Kuna Fuso zinazotaka kupanda Newala na Tandahimba kubeba magunia, Hiace za Masasi, Noah za Mikindani. Kila mwenye gari anataka injini ifungwe mapema, na swali lao karibu wote ni lilelile: "Fundi, kranki imesharudi kusagwa, beringi hizi hapa, sasa unasubiri nini?"

Nasubiri usafi na vipimo. Kulaza kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) kwenye bloku (mwili wa injini) na kukaza kepu zake (vifuniko vinavyoishika), kwa injini ya silinda nne, huisha asubuhi moja na chai unakunywa. Kinachokula muda ni yale yanayotangulia. Injini ikinoki, yaani ikigonga ndani, wiki chache baada ya ovahoo (kufumuliwa na kufungwa upya), lawama ya kwanza huwa "beringi feki". Feki zipo, sikatai. Lakini ninapofungua injini za namna hiyo, mara nyingi nakuta beringi nzuri tu iliyochorwa mistari na mchanga.

Beringi za meini, zile zinazoishika kranki kwenye bloku, hazina gololi. Ni vipande viwili vya nusu duara, mgongo wa chuma, uso wa metali laini kama aluminiamu iliyochanganywa na bati. Kimoja hukaa kwenye bloku, kingine kwenye kepu, na shingo ya kranki, ile sehemu yake ya duara iliyosagwa, inazunguka katikati. Injini ikiwaka, shingo huvuta oili chini yake na kuelea juu ya utando wa oili. Chuma na beringi havigusani tena. Utando huo unahitaji nafasi, na nafasi yenyewe kwa injini nyingi ndogo ni kama milimita 0.03 hadi 0.06. Unywele wa mtu hupita hapo kwa shida. Chembe ya mchanga wa Shangani haipiti kabisa: inazama kwenye ile metali laini, kichwa kinabaki nje, na kuanzia hapo inakwangua shingo kila mzunguko.

Ndiyo maana kranki iliyotoka kusagwa mimi huiona chafu hata ikiwa inang'aa. Wengi wetu tunazituma Dar kwa basi, na zinarudi zimefungwa kwenye kiroba, zimepakwa grisi, zinapendeza. Ndani ya kranki kuna njia za oili zilizotobolewa kutoka shingo za meini kwenda shingo za konrodi (mikono inayounganisha kranki na pistoni). Unga wa jiwe la kusagia hujificha humo. Kama njia hizo zimezibwa kwa plagi, zitoe. Pitisha brashi nyembamba yenye mafuta ya taa, halafu maji ya moto na sabuni, halafu upepo wa kompresa tundu kwa tundu, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Njia za oili za bloku nazo vivyo hivyo. Ukishakausha, paka oili papo hapo, maana kwa hewa ya bahari tuliyonayo, chuma kitupu kikilala usiku mmoja kinaamka na kutu.

Halafu kuna suala la mahali. Kufungia injini chini ya mkorosho kuna kivuli na upepo mzuri, najua, na mafundi wengi wazuri wamelelewa hapo. Lakini upepo huohuo unabeba vumbi, na majira ya kupuliza mikorosho unabeba na salfa. Kama huna chumba, funika bloku kwa nailoni na ufunue meini unayoifanyia kazi tu. Matambara yanayotoa nyuzi usiyalete karibu.

Kwenye vipimo, anza na shingo. Pima kwa mikromita kila shingo mbele na nyuma, halafu geuza robo mzunguko upime tena. Vipimo vya shingo moja vikitofautiana zaidi ya milimita 0.02 hivi, hiyo si duara au imelalia upande, irudi mashineni. Angalia pia kona, pale shingo inapokutana na ukuta wake. Inatakiwa kuwa na mviringo mdogo. Msagaji mwenye haraka huiacha kali, na kranki ya gari la mizigo huanza kupasuka hapohapo.

Dukani utasikia "stendadi" (ya kranki ambayo haijasagwa), "ishirini na tano", "hamsini". Ishirini na tano maana yake shingo imepunguzwa kipenyo kwa milimita 0.25, na beringi imenenepeshwa kufidia, nusu ya hiyo kila kipande. Kwa hiyo beringi haziagizwi kabla msagaji hajasema ameishia wapi. Nimeona watu wakinunua kwanza halafu wanalazimisha kranki iifuate beringi. Kwa zile za stendadi, Toyota kadhaa zina namba zilizogongwa kwenye bloku na kwenye kranki. Unajumlisha namba za kila meini na jibu linakuambia beringi ipi ikae pale. Wengi hupita namba hizo bila kuziangalia.

Sasa kulaza. Sehemu ya bloku inapokaa beringi iwe kavu, na mgongo wa beringi uwe mkavu. Oili inapakwa usoni tu. Kipande chenye tundu na mfereji ndicho cha bloku, na tundu lake lilingane na tundu la oili. Ukikiweka kwenye kepu, umeifungia oili mlango na injini haitafika hata Mingoyo. Ulimi wa beringi uingie kwenye pengo lake. Utaona ncha za beringi zimechomoza kidogo sana juu ya ukingo. Usizipige tupa! Zimetengenezwa hivyo ili kepu ikikazwa beringi ibanwe, isizunguke, na joto lipite kwenda kwenye bloku. Wapo wanaotia karatasi ya pakiti ya sigara mgongoni kupunguza ulegevu. Hapo unazuia joto kutoka, na karatasi ikisogea inaziba tundu la oili.

Kabla ya kufunga moja kwa moja napima kwa plastigeji, ule uzi laini unaopondeka. Unalaza kipande kwenye shingo kavu, unafunga kepu kwa toki kamili (nguvu ya kukazia iliyopangwa kwa injini hiyo) bila kuzungusha kranki hata kidogo, unafungua, na upana wa uzi uliopondeka unausoma kwenye karatasi yake. Ni kitu cha bei ndogo, na sielewi kwa nini maduka yetu mengi hayakiweki.

Kepu zina namba na mshale wa kuonyesha mbele. Kila moja ilichongwa pamoja na bloku ikiwa mahali pake, kwa hiyo haibadilishwi na jirani yake. Kaza kuanzia ya katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa toki renchi na namba za injini yako, si za injini inayofanana nayo. Bolti nyingine hukazwa toki kidogo kisha zikaongezwa nyuzi 90 (robo mzunguko), na mara nyingi hizo zinavutika, zipime au uweke mpya. Kila kepu ikikazwa, zungusha kranki kwa mkono. Ikigoma baada ya kepu ya tatu, tatizo liko kwenye ya tatu. Ukisubiri ukaze zote tano, au saba za silinda sita, utamtafuta mchawi mpaka jioni.

Washa za trasti, zinazoizuia kranki isitembee mbele na nyuma, huwa zinasahaulika. Upande wenye mifereji uangalie kranki. Sukuma kranki mbele na nyuma kwa bisibisi na upime mchezo wake. Injini nyingi ndogo zinataka kati ya milimita 0.05 na 0.25, na ikivuka 0.30 badilisha washa. Dereva anayepanda mlima wa Newala mguu umelala kwenye klachi huzila washa hizi mapema, kwa sababu klachi inaisukuma kranki mbele muda wote. Yeye atakuja kulalamika gia.

Sili ya nyuma, inayozuia oili kuvuja mwisho wa kranki: paka oili mdomo wake na uangalie kama ya zamani imechimba mfereji kwenye kranki.

Siku ya kuwasha, jaza pampu na filta oili, toa plagi za moto kama ni ya petroli, au kata dizeli, uzungushe kwa stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Hapo ndipo uwashe. Oili hiyo ya kwanza imwagwe mapema, gari likiwa bado linazunguka mjini, na filta ikatwe uitazame ndani. Chembe chache za kijivu ni kawaida. Ukiona vipande vinavyong'aa vya metali ya beringi, shusha sampu (bakuli la oili chini ya injini) siku hiyohiyo, hata kama magunia yameshapangwa ghalani.