Fundi aliondoka na namba zake

Karakana moja ya kuchakata chupa za plastiki zilizotumika hapa Kigoma ililala miezi minne baada ya fundi wa mwekezaji kurudi kwao. Umeme ulikuwepo, chupa zimejaa hadi getini. Mimi ni mhandisi wa plastiki. Nilipoitwa nikaona kinachokosekana ni namba, yaani vipimo vya kuendeshea mashine.

Mwaka 2018 China ilizuia taka za plastiki kutoka nje, na wawekezaji wake wengi wakahamishia mashine nchi nyingine. Mashine huhama upesi. Ya hapa ilikuwa na maandishi ya Kichina, na vijana waliiendesha kwa kukariri rangi za vitufe.

Chupa ya maji ni plastiki ya PET, huyeyuka karibu na nyuzi joto 250. Kabla ya hapo lazima ikauke haswa: unyevu usizidi kama gramu 50 katika tani nzima. Ukizidi, maji hukatakata minyororo midogo inayounda plastiki na unachopata kinavunjika kama kaukau. Sasa leta masika na unyevu wa ziwa! Saa za kukausha zilizomo kwenye kitabu cha mashine hazikutosha. Fundi yule alizirekebisha vizuri sana, kichwani mwake.

Upande wa kuosha, vifuniko huelea na PET huzama. Balaa ni PVC, plastiki ya aina nyingine, nayo huzama, na kwenye joto la PET huungua, hutoa asidi inayokula chuma na kugeuza mali kuwa ya njano. Mama mmoja anayechambua mzigo wa Kibirizi alinigeuzia kitako cha chupa: "Mwanangu, yenye nukta weka, yenye mstari tupa." Ni kweli. Nukta ni pale plastiki ya PET ilipoingilia kwenye kalibu, chombo kinachoipa chupa umbo. Mstari ni pale kalibu ya PVC ilipobana. Fundi wa kigeni naye alijifunza kwake, ingawa ripoti zake hazimtaji.

Wapo wanaosema tusage tu, chenga ziende Dar kwa reli, zaidi ya kilomita 1,200. Sikatai, chupa nzima ni hewa na hewa hailipiwi nauli. Lakini hata kinu kina visu vya kunoa, na nafasi kati ya kisu na kisu ina kipimo chake. Nikienda kukagua huwa namuuliza kijana anayekiwasha: ni milimita ngapi?

Karakana ile nilijibiwa, "Bosi ndiye anajua."