Misimu ya Kikantoni ya kuita watu: tazama mkia wa neno

Misimu mingi inayotaja watu katika Kikantoni, lugha ya Hong Kong, Makau na sehemu kubwa ya Guangdong, jimbo la kusini mwa China, huundwa hivi: unachukua kazi, sura au tabia ya mtu, unapachika mkia. Lou2 ni mwanamume mtu mzima, zai2 ni kijana wa kiume, po4 mwanamke mtu mzima, mui1 msichana, jau2 (j husomwa kama y) ni jamaa. Namba ni toni, yaani mpando na mshuko wa sauti unaobadili maana ya neno, zipo sita.

Caai1 lou2 ni polisi, neno la mtaani kama njagu. Baat3 po4 ni mwanamke mmbeya. Haam4 sap1 lou2, kwa maana ya juu juu "mwanamume wa chumvi na majimaji", ni mkware.

Toni ndiyo inayoangusha wageni. Leng3 zai2, sauti ya kati, ni mtanashati. Wauza mboga humwita hivyo mteja yeyote wa kiume, hata mwenye kipara na kitambi, basi usivimbe kichwa. Ipandishe juu, leng1 zai2, umeshamwita mtu kitoto kisicho na adabu, au kijana wa kutumwa na genge. Na kwenye migahawa ya chai ya Hong Kong, mhudumu akiagiza "leng zai" jikoni anataka bakuli la wali mweupe. Leng neoi, "mrembo", ni uji mtupu wa mchele.

Dharau nyingine hujificha kwenye neno la kuhesabia, ambalo hufanya kazi karibu na ngeli zetu. Huwezi kusema "mtu yule" bila kulitia. Wai2 ni la heshima, go3 la kawaida. Tiu4 ni la vitu virefu: samaki, nyoka, barabara, suruali. Ukisema go2 tiu4 jau2 (go2 ni "yule"), umemtoa mtu kwenye ngeli ya watu, kama anayesema "kile kijamaa kimekuja".

Gwai2 lou2, "mwanamume mzuka", ni Mzungu. Wengi hulitamka bila ubaya, na wapo Wazungu wa Hong Kong wanaojiita hivyo wenyewe, wengine linawachoma. Haak1 gwai2, "mzuka mweusi", halina utetezi huo: ni tusi. Neno la kawaida la mtu mweusi ni haak1 jan4, na anayefuata mzigo Guangzhou ayajue yote mawili kwa sikio.